Modemu Katika Droo ya Kadi

Kalondu Mwendwa alikuwa na desturi ya kufika kazini dakika kumi kabla ya mlango kufunguliwa, na dakika hizo kumi alizitumia kunyoosha magazeti. Hakuyasoma, aliyanyoosha tu. Aliyalaza pembe kwa pembe juu ya meza ndefu, akayapiga muhuri wa maktaba katika kona ile ile ya kila siku, ndipo akaketi. Nyumbani kwake Kiuu, upande wa Ruiru, majirani walidai kwamba hata nguo zake huzianika kwa kufuata alfabeti. Utani huo ulipomfikia alitabasamu bila kukanusha, kwa kuwa haukuwa mbali sana na ukweli.

Mwaka huo wa 1998 alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa msaidizi katika maktaba ndogo ya wakazi iliyokuwa nyuma ya soko la Thika. Cheti chake alikipata katika chuo cha ufundi, na miongoni mwa mambo yote aliyofundishwa huko, moja lilimwingia hadi kwenye mifupa: anayeandika kadi ya kitabu huandika kilicho mbele ya macho yake, jinsi kilivyo, wala haongezi lake. Kama jina la mwandishi limechapishwa bila herufi moja, unaliandika bila herufi hiyo. Kazi yako si kusahihisha ulimwengu. Kazi yako ni kuunakili kwa uaminifu.

Maktaba yenyewe ilikuwa ikizeeka mbele ya macho yao. Ensaiklopedia zilionyesha ramani za nchi ambazo hazikuwapo tena, na kitabu kipya kabisa cha kilimo kilimshauri mkulima anunue dawa iliyokwisha kupigwa marufuku. Wasomaji walikuwa wamebaki wa aina mbili: vijana waliokuja kutazama nafasi za kazi gazetini, na wazee waliokuja kupumzisha miguu baada ya kuzunguka sokoni. Mwezi wa Mei, shirika moja la hisani likaleta kompyuta, printa na modemu ya kuiunganisha na simu. Kamati ya mji ikatoa laini ya simu, lakini haikuitoa hivi hivi.

“Hadi Ijumaa ya mwisho ya Agosti,” alisema mwenyekiti wa kamati, Bwana Mburu, mtu mnene aliyependa kusema akiwa amesimama. “Nikija siku hiyo nikute chombo hiki kinafuga vumbi, laini naikata naipeleka kwa msimamizi wa soko. Huyo anaihitaji jana na juzi. Na wewe binti, usiwe na wasiwasi, hatutakuacha barabarani. Tutakutafutia dawati pale Ruiru. Kuna leseni za baiskeli zinahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri kama wako.”

Kalondu aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na ugomvi wowote na baiskeli. Lakini usiku huo alipowaza kuketi siku nzima akiandika mpini, gurudumu, rangi nyeusi, mpini, gurudumu, rangi nyeusi, aliinuka kitandani na kuwasha taa.

Akaanza kazi kwa namna aliyoijua yeye. Kuvinjari mtandao moja kwa moja kutoka Thika wakati huo kulikuwa ndoto. Laini ilikuwa nyembamba na simu ya Nairobi haikuwa ya kushikiliwa kwa muda mrefu. Njia ilikuwa hii: msomaji aliandika swali lake kwenye kadi. Kalondu alitafuta katika orodha aliyoachiwa na shirika lile anwani ya ukurasa wa mtandao unaoelekea kuwa na jibu, akaituma kwa barua pepe kwenye kompyuta fulani ng'ambo, ambayo kazi yake ilikuwa kuchota kurasa kwa niaba ya watu wasioweza kuzifikia. Baada ya siku moja au mbili ukurasa ulirudi kama barua, maneno matupu bila picha. Aliuchapisha, akautoboa, akaushona kwa uzi, akaupa nambari ya rafu na muhuri, na kuuandikia kadi katika katalogi kama kitabu chochote chenye heshima zake.

Mwalimu Awiti aliuliza kuhusu volkano, akapata kurasa kumi na moja. Mama mmoja wa Makongeni aliuliza kwa nini sungura wake wanajikuna masikio, na jibu alilopewa likawaponya. Habari za sungura zilienea upesi kuliko tangazo lolote. Kufikia Julai, viti vya maktaba havikutosha, na watu walisoma wakiwa wameegemea madirisha.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kelele. Modemu ilipopiga simu ilipiga mluzi, ikakwaruza, ikalia kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Siku ya kwanza, mzee aliyekuwa akisinzia kwenye kona aliruka na kuuliza ni wapi panapoungua. Mkuu wa maktaba, Bwana Makau, ambaye kwa miaka ishirini na mbili alikuwa hajaruhusu mtu kufungua peremende ndani ya chumba kile, alikuja hadi kwenye meza ya Kalondu akitembea kwa ncha za viatu.

“Kalondu,” alinong'ona, “hicho kitu kinaumwa?”

“Hapana, Bwana Makau. Kinasalimiana na kingine.”

“Basi kisalimiane kwa adabu.”

Kalondu alitafakari jambo hilo kwa siku nzima. Kesho yake alikuja na kipande cha blanketi kuukuu, akafungua droo ya herufi X katika kabati la katalogi, ambayo tangu maktaba ianzishwe ilikuwa na kadi mbili tu, akazihamishia kadi hizo kwa jirani yao W. Alitandika blanketi ndani ya droo, akailaza modemu humo, akapitisha waya kwa nyuma na kuifunga. Tangu siku hiyo modemu ilipiga simu mara mbili kwa siku, saa nne na dakika tano asubuhi na saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri, wala hakuna aliyesikia chochote. Bwana Makau alimpa mkono kwa furaha.

Jumatatu ya tarehe kumi na saba Agosti ilifika barua kutoka kwa kampuni ya Nairobi iliyowaunganisha na mtandao. Ilisema kwamba nambari ya kupiga imebadilika, na nambari mpya ni hii. Kalondu aliifuta ya zamani, ambayo fundi aliyefunga kompyuta aliiweka mwenyewe siku ya kwanza, akaiingiza mpya, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata mstari wa barua. Aliona kuwa mpya ilikuwa fupi kuliko ya zamani kwa tarakimu mbili, akafurahi. Hatimaye wakubwa wa Nairobi walikuwa wameamua kurahisisha mambo.

Siku hiyo hakuna jibu lililokuja. Wala kesho yake. Kompyuta iliandika kwa upole kuwa haikuunganishwa na kwamba mtumiaji ajaribu baadaye, naye Kalondu, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na maandishi, akajaribu baadaye. Aliamini kompyuta ya ng'ambo imelemewa na kazi. Ilipofika Ijumaa aliandikia kampuni barua ya kuuliza, akaibandika stempu na kuipeleka posta. Kuinua simu na kuzungumza na mtu asiyemjua kulikuwa jambo alilolikwepa tangu utotoni, hata sasa alipokuwa mlinzi wa laini nzima.

Kadi za maswali zikarundikana. Juu ya rundo, miongoni mwa zilizotumwa kabla ya Jumatatu ile na bado hazijajibiwa, ilikuwa kadi ya Muzammil, fundi wa vyerehani mwenye kibanda mkabala na maktaba. Kiwanda kimoja cha nguo kilipofunga milango, yeye alinunua mashine sita za ovaloki, zile za kuziba kingo za kitambaa, bila kitabu cha maelezo. Ovaloki ina nyuzi tatu, na kila uzi una njia yake ya kupita katika matundu na ndoano. Ukikosea tundu moja, inakata badala ya kushona. Muzammil alikuwa amekosea kwa miezi minne.

“Dada Kalondu,” alisema kila asubuhi akichungulia dirishani, “mtandao umeamka?”

“Bado, kaka.”

“Umechelewa kulala, siyo? Lazima ulikuwa harusini.”

Jumatano ya wiki ya pili alikuja na kikombe cha chai, akakiweka mezani pake. “Hii ni ya huyo mgonjwa wako aliye kwenye droo. Mwambie anywe polepole.” Vijana wa magazeti walicheka. Kalondu naye alicheka, lakini chai ile aliinywa kwa shida, kwa sababu alikuwa amehesabu siku zilizobaki kufikia kamati, na zilikuwa mbili.

Alhamisi, mlango ulifunguliwa na mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo na daftari lililobanwa kwapani. Alisimama katikati ya chumba, akageuka pole pole akitazama kuta, kama mtu anayehakikisha kwamba amefika alikokusudia. Kisha akaja moja kwa moja hadi kwa Kalondu.

“Habari yako, mwanangu. Mimi ni Mama Idah. Ninyi ndio mnaonipigia simu kila siku na kukataa kusema?”

Hakunong'ona. Bwana Makau aliinua kichwa kwenye meza yake.

“Sisi hatupigi simu, mama,” alisema Kalondu. “Laini ni ya kompyuta.”

“Haiya! Ndivyo nilivyomwambia mume wangu. Yeye alidhani nina mpenzi.” Mama Idah alivuta kiti bila kukaribishwa na kufungua daftari. “Nilifanya kazi kituo cha simu miaka ishirini na sita, nikiunganisha watu kwa mkono. Mtu akipumua kwenye laini, nilimjua. Sasa, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, simu inalia, nainua, nasema halo. Kimya. Halafu piii. Kimya. Halafu piii tena. Nikasema, huyu si mtu. Mtu angalau angekohoa. Tazama, nimeandika. Saa nne na dakika tano. Saa kumi kasoro ishirini. Saa nne na dakika tano. Nikajiuliza, ni nani Thika hii anayefanya kazi kwa dakika namna hii? Benki? Hapana, benki wanachelewa. Jumapili, hakuna simu. Jumatano alasiri, hakuna simu. Nani hufunga Jumatano alasiri?”

“Sisi,” alisema Kalondu kwa sauti ndogo.

“Na nani amebandika tangazo pale posta kwamba ana kompyuta?”

“Sisi.”

“Basi nionyeshe hiyo nambari.”

Kalondu aliitoa barua kwenye kabrasha lake. Mama Idah alivaa miwani, akasoma, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kuivua miwani na kuipangusa.

“Mwanangu, tarakimu hizi tano za mwanzo ni za nyumbani kwangu! Mtu wa Nairobi akiandika nambari yake, anaandika kana kwamba dunia yote inaishi Nairobi. Sisi huku lazima tutangulize sifuri, kisha mbili, ndio mlango wa kuingilia Nairobi. Msipoziweka, simu haitoki mjini. Inasoma tarakimu tano, inasema, ah, huyu anamtaka Mama Idah, na inakuja kwangu. Kwani hukusikia mimi nikiita halo, halo? Modemu ina spika. Ningewasalimu nyote humu ndani!”

Kalondu alitazama kabati la katalogi. Bwana Makau naye alitazama kabati la katalogi. Kalondu aliinuka, akavuta droo ya X hadi mwisho na kumwonyesha mgeni modemu yake, imefunikwa blanketi hadi shingoni.

“Ngai!” alisema Mama Idah. “Mmeizika ingali hai.”

Damu ilimpanda Kalondu usoni. Alikuwa ametii sheria mbili bora kuliko zote za kazi yake: kutoongeza kitu kisichokuwamo katika maandishi, na kutomsumbua msomaji. Zote mbili, kwa ushirikiano mzuri, zilikuwa zimeikatia maktaba mtandao kwa siku tisa za kazi. Lakini aliposubiri aibu imfike sawasawa, kilichokuja badala yake kilikuwa kicheko, nacho kilitoka kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia. Bwana Makau aliyekuwa akinyanyua kidole kumkanya alisahau alichotaka kufanya na kidole hicho.

Aliitoa modemu, akaiweka juu ya meza. Akaingiza sifuri, akaingiza mbili, akaingiza zilizobaki.

“Subiri,” alisema Mama Idah, akasogeza kiti karibu. “Nataka kusikia ikipita.”

Ikapiga mluzi. Ikakwaruza, ikalia, ikaburuta bati lake juu ya mawe mbele ya wasomaji ishirini na watatu, na Mama Idah alifuata kila mlio kwa kidole hewani. “Imetoka mjini... imeingia Nairobi... wameinua... sasa wanaulizana majina... wameelewana!” Mlio ukakatika, na kwenye kioo barua zikaanza kuingia. Nne. Kumi na tisa. Arobaini na moja. Majibu ya maswali yote ya kabla ya Jumatatu ile yalikuwa yamesubiri Nairobi kama abiria waliosahauliwa, na maswali mapya yakatoka mara moja kuyafuata. Mtu fulani upande wa magazeti alipiga makofi, na hakukanywa.

Ijumaa, Bwana Mburu alifika saa nne unusu pamoja na wanakamati wawili, akakuta hana pa kukanyaga. Printa ilikuwa ikikereza tangu asubuhi. Watu walijaa hadi kwenye ngazi, na Mama Idah, aliyerudi bila kuitwa, alikuwa ameketi kando ya mashine akiita majina kwa sauti aliyoitumia zamani kuunganisha miji. “Ndung'u wa parachichi, jibu lako liko tayari! Ndung'u wa parachichi, ingia!”

“Hapa ni maktaba au mnada?” aliuliza Bwana Mburu.

“Karibu, Mwenyekiti,” alisema Kalondu. Alimkabidhi kabrasha la majibu, limeshonwa, limepigwa muhuri, lina nambari.

Bwana Mburu alilifungua, akalifunga. “Karatasi ni karatasi, binti. Ofisi yangu imejaa karatasi. Nionyeshe mtu mmoja ambaye karatasi hizi zimemfanyia jambo.”

Kalondu alilipokea kabrasha na kuanza kulipekua. Dirishani kikasikika kishindo. Muzammil alikuwa akiingiza ovaloki kupitia dirisha, kwa kuwa mlangoni hapakupitika, na vijana wawili wa magazeti waliipokea kwa ndani kama mgonjwa anayeshushwa kitandani.

“Nipisheni, jamani. Mwenyekiti, samahani kwa njia hii.” Aliiweka mashine juu ya meza ndefu, juu ya magazeti yaliyonyooshwa, akatandaza karatasi yake kando. Picha haikuwamo, kwa kuwa picha hazikupita, lakini mtu asiyejulikana huko ng'ambo alikuwa ameichora njia ya nyuzi kwa kutumia nukta, vistari na nyota, mstari chini ya mstari. “Hili tundu ni nyota. Hii ndoano ni kistari kilicholala. Mimi jana usiku niliota nyota hizi. Dada Kalondu, nisomee, mikono yangu ina kazi.”

Kalondu akasoma. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, bila kuruka wala kuongeza, na chumba chote kikanyamaza kuliko kilivyowahi kunyamaza kwa amri. Uzi wa kwanza. Uzi wa pili, chini ya ndoano ya kushoto. Wa tatu, kutoka nyuma kuja mbele.

“Kutoka nyuma!” Muzammil alijipiga paji la uso. “Miezi minne naupitisha mbele!”

Alizungusha gurudumu kwa mkono na kusukuma ukingo wa kitambaa cha kufutia vumbi. Mashine ikakohoa, kisha ikatiririka. Kitambaa kikatoka upande wa pili kimezibwa ukingo, mshono umelala sawa kama mstari wa daftari. Wanakamati waliupitisha mikononi mwao. Bwana Mburu aliuvuta kwa nguvu upasuke, haukupasuka, akauvuta tena.

“Nina tano nyingine pale kibandani,” alisema Muzammil. “Kufikia jioni zote zitashona.”

Mwenyekiti alimgeukia Bwana Makau. “Na kelele yote hii, Makau? Nilidhani wewe ungekuwa wa kwanza kuniandikia barua nikaondoe mashine.”

Bwana Makau alitazama umati, akatazama ovaloki iliyokuwa juu ya magazeti ya leo. “Ni kelele ya kazi, Mwenyekiti,” alisema, kwa sauti kamili.

Bwana Mburu aliwaza akiwa amesimama, kama alivyofanya kila jambo. “Laini itabaki hapa. Msimamizi wa soko akiwa na shida, ataandika kadi na kupanga foleni kama watu wengine.” Akasubiri kicheko kipungue. “Na wewe binti, Ruiru utakwenda vilevile.”

Kicheko kikakatika. Kalondu alishika ukingo wa meza.

“Kila Jumatano alasiri,” aliendelea mwenyekiti. “Hamfungui, siyo? Dada yangu anaishi huko, na tangu asikie habari za sungura hanipi amani. Uwe na meza pale kwenye ukumbi. Uwakusanyie maswali, uyalete hapa, wiki inayofuata uwapelekee majibu. Au hutaki?”

“Nataka,” alisema Kalondu, upesi mno, na Mama Idah akampiga kofi la mgongoni.

Watu walipotawanyika, Muzammil alikwenda kuzifufua zile tano, na Mama Idah akaenda nyumbani kumweleza mumewe kwamba mpenzi wake amepatikana na ni chombo cha plastiki. Kalondu aliketi na kuanza kukata kadi tupu za Ruiru kutoka katika bango gumu, akipima kila moja kwa rula. Bwana Makau alikuja, akasimama nyuma yake.

“Umepanga kukata ngapi?”

“Mia mbili, Bwana Makau.”

“Watu wa Ruiru unawajua. Unaishi nao.” Alivuta kiti, akachukua mkasi wa pili. “Tukate mia tano.”